Unacheza Namba Ngapi?

Januari 2011 gazeti moja la Ujerumani lilimuuliza Thomas Müller yeye ni mchezaji wa aina gani. Swali lilikuwa na msingi. Miezi sita nyuma, akiwa na miaka 20, alikuwa ametoka Afrika Kusini na kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora wa Kombe la Dunia, na bado watu walishindwa kueleza anafungaje. Hakuwa na mbio za kutisha, hakuwa na chenga, hakuwa na shuti la kuchana nyavu. Straika si straika, winga si winga, namba kumi si namba kumi. Müller akajibu kwamba yeye ni Raumdeuter. Ulikuwa utani wa lugha. Kijerumani kina neno Traumdeuter, yaani mfasiri wa ndoto. Ukiondoa herufi ya kwanza unabaki na mtu anayefasiri nafasi, anayesoma uwazi uwanjani kama wengine wanavyosoma ndoto.

Neno lile halikubaki gazetini. Liliingia kwenye Football Manager, gemu la kompyuta la ukocha wa mpira, likawa moja ya majukumu uliyoweza kumpa mchezaji wako kwa kubofya mara moja. Leo yupo kijana wa Tabata au Kisumu ambaye hajui neno jingine lolote la Kijerumani, lakini hilo analijua, na atakueleza kwa dakika ishirini kwa nini winga wake wa kushoto hawezi kuwa Raumdeuter kama katikati hakuna straika wa kuwavuta mabeki.

Mimi ni mmoja wa vijana hao. Nasoma falsafa, shahada ya uzamili, na gemu hili limenila usiku mwingi ambao vitabu vilikuwa vinaudai. Sikuja kulitetea wala kulilaumu. Nimekuja na swali la maadili ambalo limenipa na ambalo halinitoki. Müller alijitungia jina la kazi yake. Walio wengi tunapewa. Je, ni kwa haki gani mtu mmoja anampa mwenzake jukumu? Na akishampa, anamdai nini, na yeye anadaiwa nini?

Kwa asiyelijua gemu lenyewe, halifanani na yale ya kushika pedi na kupiga mpira. Ndugu wawili Waingereza, Paul na Oliver Collyer, walilianza wakiwa vijana nyumbani kwao, likaingia madukani mwaka 1992 kwa jina la Championship Manager. Tangu 2004 mchezo wao unaitwa Football Manager. Humo hugusi mpira hata mara moja. Wewe ni kocha. Unasajili, unapanga mazoezi, unachagua mfumo, unaongea na wachezaji wakati wa mapumziko, kisha unakaa pembeni kuwatazama wakifanya, au wakishindwa kufanya, ulichowatuma. Nguvu yako yote iko kwenye kumwambia mtu mwingine awe nani.

Hapo ndipo majukumu yanapoingia. Mchangani ukifika na viatu vyako mkononi, swali la kwanza ni "Unacheza namba ngapi?" Unasema mbili, sita, tisa, na watu wanajua pa kukuweka. Namba inasema mtu anasimama wapi. Jukumu linasema anafanya nini akiwa pale. Namba sita wawili wanaweza kusimama kwenye nyasi zilezile na wakawa watu tofauti kabisa. Mmoja kazi yake ni kupora mpira na kumpa mwenzake anayejua la kuufanyia. Mwingine ndiye huyo mwenzake: anashuka mpaka kwa mabeki, anauchukua, anaamua mechi ielekee wapi. Huyu wa pili Waitaliano wanamwita regista, neno wanalolitumia pia kwa mwongozaji wa filamu. Beki wa pembeni anaweza kupanda na kupiga krosi, au akaingia katikati na kuwa kiungo wa ziada. Straika anaweza kuvizia ndani ya boksi, au akawa namba tisa wa uongo, anayekiacha kiti chake wazi makusudi ili mabeki wasijue wamkabe nani.

Mambo mawili huwasumbua wanaoanza. La kwanza ni kudhani kwamba jukumu linampa mchezaji uwezo. Mtu anamchukua beki mzito, anamwagiza aanzishe mashambulizi, halafu anashangaa pasi zinaishia jukwaani. Jukumu ni maagizo tu. Uwezo wa kuyatekeleza mchezaji anao au hana, na gemu limeuandika: kila sifa ina namba kati ya 1 na 20, kupiga pasi, kuona mbali, kujituma, kucheza kitimu, na kadhalika. La pili ni kusahau majirani. Jukumu halisimami peke yake. Beki wa pembeni akipanda, lazima awepo wa kuziba alikotoka. Viungo watatu wote wakiwa wabunifu, mpira ukipotea hakuna wa kuutafuta. Ndiyo maana hakuna jukumu zuri au baya kwa lenyewe. Kuna jukumu linalobebana na mengine na lisilobebana.

Msomaji wa Plato hapa ataona mahali anapopajua. Katika Jamhuri, Sokrate anasema haki ndani ya mji ni kila mtu kufanya kazi iliyo yake bila kuingilia ya mwenzake. Ili watu wakubali kupangwa, anapendekeza wasimuliwe hadithi: kwamba mungu alipowaumba alichanganya dhahabu kwa wale wa kutawala, fedha kwa wasaidizi wao, chuma na shaba kwa wakulima na mafundi. Sokrate hafichi kwamba hadithi hiyo ni uongo, ila anauona ni uongo wenye manufaa kwa mji. Football Manager ni mji wa Plato ambamo hadithi ile imekuwa kweli. Madini ya kila mtu yamo kwenye faili. Na mbali na sifa unazoziona zipo zilizofichwa: uaminifu kwa klabu, kuhimili presha, wepesi wa kuumia. Ipo pia namba ya kipaji, inayofika mpaka 200, inayosema mwisho wa mchezaji huyu ni wapi. Kocha haioni, lakini imo tangu siku ya kwanza unapoanza kucheza, na mazoezi yote ya dunia hayamvushi hapo.

Nje ya gemu hakuna faili. Kinachonitisha ni jinsi tunavyoishi kana kwamba lipo. "Huyu kichwa kizito, mpelekeni ufundi." "Huyu ataolewa tu." "Huyu ndiye wa kusoma." Sentensi za namna hii husemwa sebuleni, mwenyewe akiwa amekaa palepale, na miaka yake 13 na matokeo ya darasa la saba. Wanaozisema si watu wabaya. Wanafanya anachofanya kocha: kipato kidogo, nafasi chache, kikosi lazima kipangwe kabla ya Januari. Tofauti ni kwamba kocha wa kwenye gemu amesomewa namba na mtu aliyekaa kuwatazama wachezaji mmojammoja. Sebuleni tunakisia, na makisio yetu yanageuka kuwa chuma na shaba za watu.

Kiswahili chenyewe kinatuonya kama tukikisikiliza. Müller alihitaji utani ili aunganishe uwazi na ndoto. Sisi tuna neno nafasi, na limebeba vyote. Nafasi ni uwazi kati ya mabeki wawili. Nafasi ni namba yako kikosini. Nafasi ni cheo, nafasi ni fursa, na mtu akikwambia hana nafasi leo anamaanisha hana muda. Kwa hiyo tukisema fulani amepewa nafasi yake, tunakuwa tumesema mambo matano kwa mpigo, na tunaweza kumpa moja huku tukimnyang'anya manne yaliyobaki. Mtu anaweza kuwa na nafasi kubwa nyumbani na asiwe na nafasi hata kidogo.

Chukua mfano tunaoujua wote. Mbwana Samatta aliibeba Genk iliyotwaa ubingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19, akapewa tuzo ya Kiatu cha Ebony mwaka 2019, na Novemba mwaka huohuo akaifunga Liverpool kwa kichwa, Anfield, kwenye Ligi ya Mabingwa. Januari 2020 akaenda Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Alifunga kwenye mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, na akafunga kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Mabao hayo mawili ndiyo pekee aliyoyafunga akiwa na jezi ile. Septemba alikuwa ameshaondoka kwenda Uturuki. Vibandani watu waligawanyika: wengine wakasema ameshuka, wengine kwamba tangu mwanzo hakuwa wa kiwango kile.

Mtu aliyezoea kupanga majukumu anaona zaidi ya hapo. Genk ilikuwa timu inayoumiliki mpira na kuupeleka kwenye boksi, na Samatta alikuwa mtu wa kuumalizia. Villa ilikuwa inapigania kutoshuka daraja. Straika wa timu ya namna hiyo kazi yake mara nyingi ni kupambana na mabeki wawili akiwa amewapa mgongo, kushikilia mpira wa juu, kusubiri wenzake wafike. Ni namba ileile tisa, jukumu jingine. Sifa za mtu hazikubadilika ndani ya ndege ya kutoka Ubelgiji. Kilichobadilika ni majirani. Sisemi kwamba hakuna kiwango, kipo. Nasema tunapompima mtu bila kuuliza alipewa kazi gani na alizungukwa na nani, tunampima kwa rula ya mtu mwingine, halafu tunayaita matokeo ni tabia yake.

Mpaka hapa swali linaonekana ni la ufanisi: mpe mtu jukumu linalomfaa, mambo yataenda. Maadili yanaanza pale ambapo jukumu linamfaa mtu, analiweza kweli, na bado kuna dhuluma.

Claude Makélélé alizaliwa Kinshasa mwaka 1973, akakulia Ufaransa, na kati ya 2000 na 2003 alikuwa Real Madrid. Timu ile ilikuwa na Zidane, Figo, Raúl na Ronaldo. Wao walicheza, yeye alikaa nyuma yao. Kazi yake ilikuwa kuwepo pale mpira unapopotea, kuupora, na kuurudisha kwa wenye majina. Alilipwa kidogo sana kuliko wao. Kiangazi cha 2003 aliomba aongezwe mshahara, akakataliwa, akauzwa Chelsea. Kiangazi hichohicho Madrid walimnunua David Beckham. Klabu ile haikutwaa tena ubingwa wa ligi mpaka 2007. Chelsea ikautwaa wa Uingereza mwaka 2005 na tena 2006. Mpaka leo Waingereza wakitaka kulitaja lile jukumu la kukaa mbele ya mabeki hulitaja kwa jina lake. Müller alilipa jukumu lake jina kwa mdomo wake mwenyewe. Makélélé jina lake liligeuzwa kuwa jukumu baada ya watu kuona pengo aliloliacha.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Tunalitumia neno hilo kusifu fundi. Mimi nalisoma pia kama onyo kuhusu macho yetu: kinachoelea kinaonekana, aliyekiunda yuko nchi kavu na hana habari na picha za uzinduzi. Kuna majukumu ambayo yakifanywa vizuri hayaonekani kabisa. Beki aliyejipanga vizuri hahitaji kuteleza na kuchafua bukta. Mama aliyepanga bajeti vizuri hana cha kuonyesha isipokuwa kwamba tarehe 28 bado kuna unga. Na kwa kuwa sifa tunaigawa kwa macho, majukumu haya yanalipwa kidogo, kwa pesa na kwa shukrani, na hakuna hesabu ya ufanisi itakayolirekebisha hilo, kwa sababu mambo yanakwenda vizuri. Hapo ndipo ilipo hatari yake.

Kwa mjini neno dada lina maana mbili. Ni aliyekutangulia kuzaliwa, na ni binti anayefua na kupika kwenye nyumba ya watu, ambaye watoto wanaweza kukua naye miaka mitatu bila kujua jina lake la ubatizo. Sidhani kwamba lugha iliyakutanisha haya kwa bahati tu. Kwetu sisi ni wanne, na aliyetangulia ni dada. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na anataka kusomea uuguzi, baba akaugua na kuacha kazi. Dada akafungua genge, genge likawa duka, duka likatusomesha watatu waliobaki. Mimi ndiye niliyefika mbali zaidi, kama watu wanavyopenda kusema, kana kwamba nilitembea.

Likizo iliyopita alikaa karibu yangu jioni moja baada ya kufunga duka, akawa anatazama vijitu vinavyokimbia kwenye skrini. Akaonyesha kwa kidole.

"Huyu wa katikati mbona hapandi?"

"Huyo kazi yake kukaa, dada. Wenzake wakienda mbele, yeye anabaki kulinda."

"Na akichoka?"

"Namtoa, naingiza mwingine."

"Na kama benchi hakuna mwingine?"

"Anamaliza dakika tisini hivyohivyo."

Akaguna. Baadaye, tukiwa tunakunywa chai, nilimuuliza kama na yeye anaona alipangwa. Nilitegemea aseme ndiyo, kwa sababu nilikuwa nimeshaandaa nadharia ya kulipokea jibu hilo. Hakusema ndiyo.

"Hakuna aliyenipanga, mdogo wangu. Baba anaumwa, mama hana kitu, nikasimama mwenyewe. Hilo sijutii hata siku moja." Akanyamaza, akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka. "Ila mwaka wa kumi na moja huu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama bado."

"Kama bado nini?"

"Kama bado nataka."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu ridhaa, na sikumbuki ukurasa ulioliweka jambo hili wazi hivyo. Mjadala wa kawaida unauliza kama mtu alikubali. Alikubali, basi, mkataba umefungwa. Dada hakupinga kwamba alikubali. Alilisimamia kwa fahari, na kumwambia alilazimishwa kungekuwa kumnyang'anya tendo kubwa kuliko yote aliyowahi kutenda. Alichokisema ni kwamba ridhaa ina umri. Aliyesema ndiyo akiwa na miaka 19 si lazima awe yuleyule wa miaka 30. Kumwacha aendelee kulipa deni la yule wa kwanza bila kumuuliza ni kumfanya mlinzi wa duka la mtu aliyeshahama.

Immanuel Kant ana kanuni ambayo kila mwanafunzi wa maadili huikariri: usimtumie mtu kama chombo tu, bali kila mara umtende pia kama mwenye thamani ndani yake mwenyewe. Watu hupita haraka juu ya lile neno "tu", na uzito wote umelala hapo. Kant hakusema tusitumiane. Timu ni watu wanaotumiana. Kiungo anamtumia winga, winga anamtumia beki, na hakuna aliyekosewa heshima. Familia ni hivyohivyo, ofisi ni hivyohivyo. Kosa linaingia pale jukumu linapoula mtu mzima, tukawa hatuwezi kumwona isipokuwa kupitia kazi anayotufanyia. Kuna njia nyepesi ya kujipima: mtu huyu akiacha kazi anayotufanyia, tutabaki na nini cha kumwambia? Kwa wengine tutakuwa na maneno ya mwaka mzima. Kwa wengine tutatafuta hata salamu.

Nimetafuta msaada pia kwenye neno lenyewe. Lile wanalotumia Waingereza, na ambalo gemu linalitumia, limetoka kwenye Kifaransa, na asili yake ni karatasi iliyoviringishwa aliyopewa mwigizaji, yenye maneno ya kusema jukwaani. Tamthilia ikiisha, karatasi inarudishwa, mwigizaji anakwenda nyumbani. Jukumu la Kiswahili halirudishwi kirahisi hivyo. Ni wajibu, ni kitu unachobeba na unachoweza kuulizwa. Mtu hachezi jukumu, analibeba, au analikwepa. Kuna uzuri kwenye hilo, maana dada yangu hakuwa anaigiza. Lakini kuna hatari yake, kwa kuwa mtu anayebeba vizuri huongezewa mzigo, na siku moja tunasahau kwamba chini ya mzigo kuna shingo.

Je, basi haki ni kila mtu ajitungie jina lake kama Müller? Ningependa iwe hivyo, lakini mpira wenyewe unanikatalia. Andrea Pirlo alikua akiamini yeye ni namba kumi, mchezaji wa nyuma ya mastraika, na Inter hawakuona pa kumweka. Mapema 2001 walimpeleka Brescia kwa mkopo. Namba kumi ya pale ilikuwa na mwenyewe, Roberto Baggio, na hakuna anayemtoa Baggio. Kocha Carlo Mazzone akamrudisha Pirlo nyuma, mbele ya mabeki, mahali alipozoea kukaa mtu wa kukaba. Kutoka kule nyuma Pirlo aliuona uwanja wote. Akaenda Milan, akaendelea kucheza palepale chini ya Carlo Ancelotti, na mwaka 2006 alikuwa bingwa wa dunia. Jukumu lililomfanya awe yeye hakulichagua. Alilisukumiwa kwa sababu aliyoitaka kiti kilikuwa na mtu.

Kwa hiyo hatujijui kiasi cha kutosha kuwa waamuzi pekee wa nafasi zetu. Wengine wanaona mgongoni kwetu. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi wa hesabu ajaribu kuandika, shangazi anayeona kwamba mtoto mkorofi ni mpatanishi mzuri wa ugomvi wa wenzake, hawa wanafanya kazi ya Mazzone, na ni kazi ya upendo. Tusiwanyime. Tofauti kati ya Pirlo na dada yangu haiko kwenye nani alichagua. Kwa kweli dada alichagua na Pirlo hakuchagua. Iko kwenye kilichofuata. Pirlo kila wiki alitazamwa upya: je, hapa anastawi? Kocha asingeweza kuacha kutazama, maana kila wiki kuna mechi, na karatasi ya kikosi huandikwa upya. Nyumbani hakuna karatasi. Kikosi kilichopangwa siku baba alipougua ndicho kinachocheza mpaka leo.

Toleo la Football Manager la 2026, lililotoka Novemba 2025, limeleta badiliko ambalo wachezaji wengi wamelijadili kama suala la mbinu. Sasa kila mchezaji anapewa majukumu mawili: moja timu ikiwa na mpira, jingine ikiwa haina. Beki wa pembeni anaweza kuwa kiungo mpira ukiwa kwetu, na akarudi kuwa beki ukipotea. Nililipenda kwa sababu linakiri jambo ambalo majukumu ya zamani yaliificha: hakuna mtu mwenye umbo moja saa zote. Laiti lingeongezwa la tatu, jukumu la mtu mechi ikiwa imekwisha, taa za uwanja zimezimwa, na hakuna anayemhitaji kwa lolote. Gemu haliwezi kulijua hilo. Sisi tunaweza, kwa kuwa tunakula naye meza moja.

Ningeishia hapa, kwenye kuulizana, kama si ile kanuni ya majirani. Kumuuliza mtu "bado unataka?" huku hakuna aliyejiandaa kusikia "hapana" ni adabu isiyo na gharama. Dada akisema anataka sasa kusomea uuguzi, akiwa na miaka 30, duka linahitaji mtu saa kumi na mbili asubuhi, mama anahitaji kupelekwa kliniki, ada ya mdogo wetu wa mwisho bado muhula mmoja. Swali lake lina jibu moja tu lenye maana, nalo si la maneno. Beki hawezi kupanda kama hakuna anayerudi kuziba. Kocha yeyote wa gemu hili analijua hilo kabla hajafungua mfumo wa kwanza: ukimruhusu mmoja aende mbele, unachagua papo hapo ni nani atakayebaki.

Sisi watatu tumeshapanda vya kutosha. Zamu ya kushuka ni yetu.